Shajara ya mradi: ramani ya Kata ya Saba ukutani, Philadelphia

Januari: ukuta, na nini kiwemo

Ukuta tuliopewa ni ubavu wa nyumba ya orofa tatu, kusini kidogo ya Mtaa wa South. Upana wake ni futi 40 na kimo futi 30. Unatazama kaskazini, na mbele yake kuna kiwanja cha kuegesha magari ambacho mwenyewe ametia saini kwamba hatakijenga. Saini hiyo ina uzito sawa na ile ya mwenye ukuta. Philadelphia ni mji wa nyumba zilizoshikana mbavu kwa mbavu. Ubavu huonekana tu pale nyumba ya jirani ilipobomolewa, na siku jirani akijenga upya, mchoro wote unafukiwa. Anayetafuta ukuta katika mji wa namna hii aanze kwa kuuliza kiwanja ni cha nani.

Ukuta wa kaskazini haupigwi na jua moja kwa moja sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo rangi hudumu. Hasara yake ni kwamba hukauka polepole na huota ukungu wa kijani. Tumeichukua hasara hiyo kwa sababu ukungu unasuguliwa ukatoka, rangi iliyopauka hairudi.

Mada ni Kata ya Saba ya zamani, iliyokuwa kati ya mitaa ya Spruce na South, kuanzia Mtaa wa 7 hadi Mto Schuylkill. W.E.B. Du Bois, mwanasosholojia Mweusi, alifika hapo Agosti 1896, akakaa karibu na makutano ya Mtaa wa 7 na Lombard, akapiga hodi nyumba kwa nyumba, na katika utafiti wake uliochapishwa 1899 akahesabu Weusi 9,675 ndani ya kata hiyo moja.

Sura ya Du Bois hatuichori. Tangu 2008 upo mchoro mkubwa karibu na makutano ya Mtaa wa 6 na South unaomwonyesha pamoja na wazima moto Weusi wa kituo cha Engine 11. Octavius Catto, mwalimu aliyepigania haki ya Weusi kupiga kura, naye amepata sanamu ya shaba nje ya jumba la jiji tangu Septemba 2017. Mji umejaa sura za mashujaa zilizochorwa vizuri. Kinachokosekana ni mahali: mpita njia ajue kwamba mtaa anaoukanyaga ndio uleule, na nani aliishi kona ipi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ukuta itakuwa ramani, na sura zitakuwa tatu tu, juu kabisa: Richard Allen, mwanzilishi wa kanisa la Mother Bethel, William Still, aliyewapokea waliotoroka utumwa, na Frances Harper, mshairi na mwandishi.

Februari: rangi za Du Bois na rangi zetu

Du Bois alichora ramani ya kata na kuipaka kila kaya ya Weusi rangi ya daraja lake: nyekundu kwa tabaka la kati na walio juu yake, kijani kwa wafanyakazi, bluu kwa maskini, nyeusi kwa wale aliowaita waovu na wahalifu. Rasimu ya kwanza ilizifuata rangi hizo kama zilivyo, na kikao cha wakazi kikaikataa. Walikuwa na haki. Kitabuni ramani hiyo imezungukwa na kurasa nyingi zinazoeleza kodi kubwa za vyumba, kazi ambazo Weusi walifungiwa milango, na mishahara midogo. Ukutani hakuna kurasa. Kingebaki kisanduku cheusi na ufunguo wa rangi unaosema "wahalifu", bila maelezo ya nani aliwafikisha hapo.

Basi rangi zetu zinaonyesha kazi. Sensa ya Marekani ya 1900 inataja mtaa, nambari ya nyumba, jina la kila mtu, na kazi yake kama anayo. (Ile ya 1890 ndiyo iliyotangulia matembezi ya Du Bois, lakini sehemu kubwa yake iliharibika kwa moto wa Washington mwaka 1921 na yaliyoufuata.) Tumepata makundi manane: wafuaji nguo, wahudumu wa meza, wapagazi, washonaji, vinyozi, walimu na wahubiri, vibarua wa bandarini, na wapishi wa karamu. Nyumba yenye kazi zaidi ya moja inagawanywa kwa mistari ya wima. Karatasi ya sensa isiyosomeka, nyumba yake inabaki nyeupe, na hakuna anayeruhusiwa kuijaza kwa kukisia.

Wapishi wa karamu wamepewa manjano ya udongo, rangi inayoonekana mbali kuliko zote, na hilo ni kwa makusudi. Du Bois anamtaja Robert Bogle kuwa ndiye mwanzilishi wa biashara hiyo mjini. Baada yake Henry Jones, Thomas Dorsey na Henry Minton waliishika kati ya 1845 na 1875, hata karamu za matajiri Weupe zikawa mikononi mwao. Ni historia ya mtaji, mikopo na ajira, na watoto wengi wa mtaa huu hawajawahi kuisikia.

Mtego mkubwa katika kazi ya anuani ni kwamba mji ulibadili nambari za nyumba mwaka 1857, na majina ya mitaa yakawa yanabadilika pia. South iliitwa Cedar. Bainbridge iliitwa Shippen. Kichochoro cha Delhi kiliitwa Ronaldson. Anuani ya 1850 ukiitafuta kwenye ramani ya leo itakupeleka kwenye nyumba nyingine kabisa. Nyumba aliyoishi William Still kati ya 1850 na 1855, akiwapokea waliotoroka utumwa, ndiyo leo 625 South Delhi. Iliandikishwa kuwa jengo la kihistoria mwaka 2018, miaka zaidi ya mia moja na sitini baada ya Still kuhama. Tumetengeneza jedwali la safu nne: anuani ya zamani, jina la sasa la mtaa, nambari ya sasa, na vyanzo. Kisicho na vyanzo viwili hakiingii ukutani.

Machi: gridi, na kosa la kupanga lililonaswa mapema

Hatuchori moja kwa moja ukutani. Tunachora ndani, mezani, juu ya kitambaa chepesi cha poliesta kisichofumwa, ambacho wachoraji wa hapa hukiita kitambaa cha parashuti, kisha tunakibandika ukutani kwa jeli ya akriliki. Mpango wa michoro wa jiji hili, ulioanza 1984 kama sehemu ya vita dhidi ya maandishi ya ukutani, umeieneza sana njia hii, kwa sababu mbili zinazoeleweka: kazi haisimami wakati wa baridi, na mtu asiyeweza kupanda jukwaa, kama ajuza wa miaka 80 au mtoto wa shule, anachora akiwa amekaa.

Kitambaa kina upana wa inchi 60. Kila kipande kinakatwa inchi 60 kwa 60, lakini picha inajaza inchi 58 tu katikati, na inchi 1 kila upande ni ziada ya kupandishana. Vipande nane kwa upana na sita kwa kimo ni vipande 48. Picha nzima inatoka inchi 464 kwa 348, yaani futi 38 na inchi 8 kwa futi 29. Kwenye ukuta zinabaki inchi 8 kila ubavu na futi 1 chini. Futi hiyo ya chini inaachwa bila kitambaa kwa makusudi: ndipo maji ya mvua yanaporuka kutoka lami, ndipo chumvi ya kuyeyushia theluji inapotua, ndipo mchoro wowote unapoanza kubanduka.

Safu wima ni A hadi H kutoka magharibi kwenda mashariki ya ramani, safu mlalo ni 1 hadi 6 kutoka juu. Safu 1 na 2 zina sura tatu, na nyuma yake sehemu ya magharibi ya kata imekunjwa kama utepe hadi mtoni. Safu 3 hadi 6 ni ramani kubwa ya mashariki, ambako Weusi walikaa kwa msongamano zaidi.

Hapa ndipo mpango ulipolazimika kubadilika. Kutoka Mtaa wa 6 hadi Broad, ulio mahali pa Mtaa wa 14, kuna vipande nane vya mtaa, na kutoka Spruce hadi Bainbridge vinne. Safu nane, safu nne: ilionekana kama bahati, kila mraba wa kitambaa uwe kipande kimoja cha mtaa na mishono ifichwe ndani ya mistari ya barabara. Kwa macho ni safi. Kwa kazi ni hatari, kwa sababu kila makutano ya barabara yanakuwa mahali ambapo pembe nne za kitambaa zinakutana, na pembe ndiyo hubanduka kwanza. Makutano ya 7 na Lombard, ambayo mradi mzima unaning'inia juu yake, yangekaa kwenye pembe za G4, G5, H4 na H5.

Gridi imesogezwa nusu mtaa kwenda mashariki na nusu kwenda kusini. Barabara sasa zinapita katikati ya vipande na mishono inaangukia nyuma ya nyumba, kwenye nyua. Na kuna faida ambayo ni kubwa kuliko ya ufundi. Mother Bethel, kanisa la Richard Allen, liko upande wa mashariki wa Mtaa wa 6, kwenye ardhi aliyoinunua mwaka 1791. Kwa gridi ya kwanza lingekatwa nje. Nyumba ya Frances Harper, 1006 Bainbridge, iko upande wa kusini wa barabara, nayo ingekatwa. Wala kanisa wala nyumba hiyo haimo ndani ya mipaka rasmi ya Kata ya Saba. Mipaka ya kata iliwekwa kwa ajili ya kura, na watu walisali, walisoma na kuoana wakiivuka kila siku. Mstari wa kata tumeuchora mwembamba, wa vitone.

Spruce imekatika juu kwa kusogeza huko. Imechorwa kama mstari unaotenganisha ramani kubwa na utepe wa magharibi. Mpimaji ardhi hataipenda, ila mkazi ataielewa.

Aprili: praima na kuhamisha michoro

Vipande 48 ni futi za mraba 1,200. Praima ya akriliki, yaani rangi ya msingi, imepakwa mikono miwili (tabaka mbili) myepesi, na galoni 8 zimetosha na kubaki kidogo. Mkono mmoja mzito haufai: kitambaa kinakuwa kigumu kama kadi na kinavunjika mikunjo kikiviringishwa.

Meza zifunikwe plastiki nene kwanza. Praima hupenya kitambaa, na bila plastiki kitambaa na meza vinakuwa kitu kimoja. Kikikauka kinabanduliwa polepole kuanzia pembeni.

Mistari inahamishwa kwa projekta usiku, kipande kimoja kimoja, kwa penseli. Kalamu za wino zisizofutika zisiguse kitambaa hata kidogo. Wino wake huyeyuka ndani ya rangi na kupanda juu, mkono baada ya mkono, na mstari wa zambarau hutokeza katikati ya anga uliyokwisha kuipaka mara tatu. Hata herufi ya gridi na mshale wa "juu" nyuma ya kipande viandikwe kwa penseli.

Kila nyumba kwenye ramani kubwa ina upana wa inchi 2 hivi. Ndani ya kisanduku inaandikwa nambari ya rangi. Majina ya mitaa yana herufi za inchi 4, kwa kuwa msomaji atasimama futi 40 mbali, upande wa pili wa kiwanja, na kanuni tunayoitumia ni inchi 1 ya herufi kwa kila futi 10.

Aprili hadi Juni: meza za kuchora

Meza ziko chini ya kanisa, kwenye shule moja, na kwenye kituo cha wazee. Meza moja hubeba kipande kimoja na watu wanne, mmoja kila upande. Wakizidi wanne, mkono wa mtu unalala juu ya rangi mbichi ya mwenzake.

Rangi zimechanganywa zote kabla, 34, kila moja kwenye kopo lenye kifuniko na nambari mbele na juu. Kuchanganya mezani hakuruhusiwi, kwa sababu bluu ya wafuaji iliyochanganywa shuleni haitalingana na ya kituo cha wazee, na tofauti hiyo itaonekana kama kundi la tisa la kazi. Kwa kila rangi tumetoa kibao cha kulinganishia, kilichokauka, kwa sababu akriliki hukauka ikiwa nyeusi zaidi kuliko ilivyo mbichi.

Kuhusu chembe za rangi zenyewe, jina lililo mbele ya chupa lisikudanganye, soma msimbo ulio nyuma, yaani herufi na nambari zinazotaja chembe yenyewe. Nje tunatumia oksidi za chuma (PR101 nyekundu, PY42 manjano), kahawia ya udongo PBr7, bluu ya thalo PB15, zambarau ya kwinakridoni PV19, manjano ya bismuti PY184 na nyeupe ya titani PW6. Hizi zinastahimili jua na mvua. Tumeziacha PR170 na PY74, nyekundu na manjano za bei nafuu zinazovutia sana dukani. Hizo hupauka mapema, na mchoro hubaki na rangi ya samawati kama picha iliyosahauliwa dirishani. Tumeiacha pia bluu ya PB29, ambayo haivumilii asidi iliyo kwenye mvua ya mjini.

Manjano angavu hufunika vibaya. Ikipakwa mara moja, nambari ya penseli inaonekana kupitia rangi. Dawa yake ni mkono wa kwanza wa manjano ya udongo, ikauke, kisha angavu juu.

Vipande vilivyokamilika vinaviringishwa juu ya bomba la kadibodi, upande wa rangi ukitazama nje, na karatasi ya plastiki kati ya kila kipande. Akriliki ni kama ngozi: nyuso mbili zikigusana kwenye joto zinashikana, na kuzitenganisha ni kuzichuna.

Mei: ukuta wenyewe

Wakati meza zinaendelea, mafundi wako nje. Ubavu huu haukujengwa uonekane. Una matofali laini ya karne ya 19, mabaki ya plasta ya vyumba vya nyumba iliyobomolewa, matundu ya boriti, na njia ya moshi iliyozibwa nusu.

Kwanza ni maji. Bati la kichwa cha ukuta lilikuwa limeinuka na bomba la mvua lilivuja kwenye kiungo. Hakuna praima wala jeli inayoweza kushindana na maji yanayoingia kutoka juu. Yanashuka ndani ya matofali, yanabeba chumvi, na chumvi ikifika usoni inachanua unga mweupe nyuma ya kitambaa na kukisukuma. Bati na bomba vilitengenezwa kabla ya kitu kingine chochote.

Viungo vya matofali vilivyolika vimejazwa kwa mchanganyiko wa chokaa na saruji kidogo. Saruji tupu ni ngumu kuliko tofali la zamani, na baridi ikija, tofali ndilo linalopasuka. Matundu ya boriti yamezibwa kwa vipande vya matofali. Kisha plasta mikono miwili, ya pili ikisuguliwa kwa kibao ili iwe na ukali wa msasa. Plasta laini kama kioo haishiki jeli vizuri, na yenye mchanga mkubwa inatoboa kitambaa.

Plasta mpya ina ukali wa alkali unaoshambulia akriliki. Imeachwa mwezi mzima kabla ya praima, halafu ikapimwa kwa karatasi ya kupimia alkali iliyoloweshwa. Jaribio la unyevu ni rahisi: bandika kipande cha plastiki angavu, futi moja na nusu kila upande, ukiziba kingo zote kwa utepe, ukiache usiku kucha. Asubuhi kukiwa na matone ndani, ukuta bado. Upande wa chini wa mashariki ulionyesha matone muda mrefu kuliko kwingine, na praima ikasubiri.

Julai: sura tatu

Picha za kuanzia ni michongo ya karne ya 19 iliyokwisha toka kwenye hakimiliki. Ya Still na ya Harper zimo katika kitabu cha Still cha mwaka 1872. Michongo ni ya wino mweusi, na wachongaji wa zama zile walizoea kung'arisha nyuso. Kivuli cha mchongo kisichukuliwe kuwa ndiyo rangi ya ngozi. Uamuzi wa rangi umefanywa na wazee wa kanisa pamoja na mchoraji mkuu, kwa vibao vya rangi vilivyowekwa juu ya meza, si kwa kompyuta.

Ngozi nyeusi huharibiwa na mambo mawili. La kwanza ni kutia nyeusi ili kupata kivuli, uso unakufa. Kivuli chetu ni kahawia PBr7 pamoja na bluu ya thalo na tone la kwinakridoni, na kinabaki na joto hata kikiwa giza kabisa. La pili ni kutia nyeupe ili kupata mwanga. Ngozi inapauka kama iliyokosa mafuta. Mwanga wa paji la uso wa Harper ni manjano ya udongo na nyekundu ya chuma, na pale penye mng'ao hasa, upande wa kushoto juu ya jicho, ni bluu hafifu ya anga, mguso mmoja wenye upana wa kidole. Ukisimama karibu ni alama ya bluu tu. Ukirudi nyuma hadi ukingo wa kiwanja, unaona jasho na nuru.

Catto hana sura hapa. Ana alama kwenye South, kati ya Mtaa wa 8 na wa 9, alipopigwa risasi siku ya uchaguzi, 10 Oktoba 1871. Pembeni ipo shule alikofundisha, Institute for Colored Youth, 915 Bainbridge. Na kwenye Lombard kuna tramu ya kukokotwa na farasi, kwa ajili ya Caroline LeCount. Sheria ya Pennsylvania ya Machi 1867 ilikataza ubaguzi kwenye tramu. Kondakta alipomkatalia siku chache baadaye, LeCount, naye mwalimu, alimshtaki kwa hakimu, na kondakta akatozwa faini ya dola 100. Tramu imechorwa na vijana wa shule, na farasi wake ndiye mzuri kuliko kila kitu kwenye safu ya 4.

Agosti na Septemba: kubandika

Jeli: ndoo nne za galoni 5. Kwenye plasta hii galoni moja ilitosha futi za mraba 60 hivi, ukihesabu ukutani na mgongoni mwa kitambaa. Anayebandika kwenye matofali matupu anunue zaidi sana.

Gridi yote ilipigwa kwanza ukutani kwa uzi wa chaki, timazi na pimamaji. Kazi inaanzia mshono wa katikati, kati ya D na E, safu ya 1, na kushuka. Kisha kulia na kushoto. Ukianzia pembeni, kosa la theluthi ya inchi kwa kipande linakuwa inchi mbili na zaidi ukifika upande wa pili. Ukianzia katikati linagawanyika.

Hatua kwa kipande kimoja: jeli ukutani kwa rola ya nywele ndefu, jeli mgongoni mwa kitambaa kwa rola fupi, watu wawili wanakishika kwa pembe za juu na kukiacha kianguke, wa tatu anakisukuma kwa kibao cha plastiki kutoka katikati kwenda nje. Halafu mkono mwepesi wa jeli usoni. Mshono: vipande viwili vinapandana inchi 2, unaweka rula ya chuma katikati, unakata vyote viwili kwa wembe mpya mara moja, unatoa taka ya juu, unainua ukingo na kutoa taka ya chini, unabonyeza. Wembe mmoja kwa mshono mmoja. Plasta inaumaliza, na wembe butu hauvikati vyote viwili, huvuta cha chini na kuacha mkunjo.

Mapovu ya hewa karibu yote hutokea katikati ya kipande, ambako mkono wa rola ulipita haraka. Lililokauka linachanwa kwa wembe upana wa ukucha, linasindikwa jeli kwa sindano nene, linabonyezwa. Tumefanya hivyo C3, F5, na kwa wingi H6.

Chini ya sentigredi 10 jeli haishikani. Mvua nayo ikipiga kabla haijakauka inageuka maziwa na kuteleza. Dhoruba za Agosti hapa huja alasiri, kwa hiyo kubandika kulisimama saa sita mchana kila utabiri uliposema radi, hata kama mbingu ilikuwa safi.

Oktoba: vanishi na vilivyobaki

Vanishi ya akriliki yenye kinga ya jua, mikono miwili myembamba. Mkono mzito kwenye hewa yenye unyevu hubaki na utando mweupe juu ya rangi nyeusi nyeusi, na vivuli vya uso wa Still ndivyo vya kwanza kuonyesha. Futi 8 za chini zimepata tabaka la ziada linaloweza kuoshwa na kupakwa upya mtu akiandika juu yake.

Ufunguo wa rangi umewekwa kimo cha macho, kwenye kibao cha alumini kando ya ukuta, na jedwali la anuani pamoja na vyanzo vyake linapatikana kanisani na shuleni. Familia mbili tayari zimeleta karatasi zinazohusu nyumba zilizobaki nyeupe, moja kwenye Lombard, moja kwenye Rodman. Karatasi zikithibitishwa, visanduku hivyo vitapakwa majira ya kuchipua, joto likipita sentigredi 10.

Makopo ya rangi zote 34 yamefungwa na kuhifadhiwa ndani, mahali pasipoganda. Ukaguzi wa Aprili uanzie mishono ya H, kisha futi mbili za chini za upande wa mashariki ambako unyevu ulichelewa, kisha bati la kichwa. Ukungu wa kijani uoshwe kwa maji, sabuni laini na brashi ya nywele laini. Mashine ya maji ya kasi isikaribie kitambaa.